Leaf e+ ina nguvu zaidi kwa asilimia 45, mbona mwendo wa juu inaizidi Leaf ya kawaida kwa asilimia 13 tu?

Mkaazi wa Tudor (1)

Salaam wanauzi. Ninachagua kati ya Nissan Leaf mbili zilizoko yadini hapa Mombasa, zote mbili za lile umbo lililoanza kuuzwa Japani Oktoba 2017. Moja ni gredi ya X, yenye betri ya kilowati-saa 40 na mota ya kilowati 110. Nyingine ni e+ X, yenye betri ya kilowati-saa 62 na kilowati 160. Ukigawanya namba hizo utaona kwamba e+ ina nguvu zaidi kwa asilimia 45. Lakini Nissan wenyewe, walipoizindua Januari 2019, walisema kuwa kutoka kilomita 80 hadi 120 kwa saa ina wepesi zaidi kwa karibu asilimia 13.

Naomba anayejua anieleze nguvu nyingine inapotelea wapi. Gari hili si la kuzunguka Moi Avenue. Nina shughuli Voi, na kati ya Mariakani na Maungu nataka niwe na hakika kwamba nikitoka nyuma ya lori nitarudi upande wangu kwa wakati.

Yadi ya Magongo (2)

Jibu ni uzito. Katika vipimo vya Japani X ina kilo 1,510 na e+ X ina kilo 1,670. Hizo kilo 160 ni sawa na kubeba watu wazima wawili wasioshuka garini milele. Betri kubwa inakupa nguvu kwa mkono mmoja na kuichukua kwa mkono wa pili. Wateja huniuliza jambo hili mara kwa mara, na jibu langu halijabadilika.

Maalim wa Fizikia (3)

Bwana Yadi, uzito unahusika, lakini hautoshi kueleza pengo lote, na hesabu yake si ngumu.

Chukua kila gari pamoja na dereva na mzigo wa kilo 100, ili tupate kilo 1,610 na kilo 1,770. Kulitoa gari kilomita 80 hadi 120 kwa saa kunahitaji nishati ya takriban jouli 309 kwa kila kilo. Leaf ya kawaida inahitaji basi kilojouli 497 na e+ inahitaji 546. Ondoa asilimia 5 inayopotea katika gia na beringi, kisha ondoa kilowati 13 hivi za kupambana na upepo na msuguano wa tairi katika mwendo wa wastani wa 100. Leaf ya kawaida inabaki na kilowati 91 na nusu na inamaliza kazi kwa sekunde 5.4. Kama e+ ingetoa kilowati 160 muda wote, ingebaki na 139 na kumaliza kwa sekunde 3.9, pamoja na uzito wake wote.

Hapo muda ungepungua kwa asilimia 28. Nissan wanasema 13, yaani sekunde 4.7 hivi kwa hesabu hii. Ili upate sekunde hizo lazima wastani wa nguvu uwe karibu kilowati 136. Swali la kweli ni kwa nini gari lililoandikwa 160 linatoa 136 katika mwendo huo.

Dereva wa Kisauni (4)

Maalim ameandika vizuri, lakini nina ushahidi wa barabarani unaonifanya niishuku hata hiyo 13. Mimi huendesha teksi ya Leaf ya kawaida. Taa za Buxton zikiwaka kijani, e+ iliyosimama kando yangu huwa hainiachi. Mara nyingi mimi ndiye ninayetangulia hadi tunapokaribia kilomita 50 kwa saa, ambapo sheria ya mjini inatusimamisha sote. Kama nguvu zaidi kwa asilimia 45 haziwezi kumwacha dereva wa teksi kwenye taa, mnunuzi analipia beji.

Binti wa Nyali (5)

Kaka Kisauni, mimi ndiye mwenye e+, na huenda umewahi kusimama kando yangu. Kwenye taa sikupingi, kwa sababu hata mimi nimeona kwamba kuondoka kwake ni kwa utulivu. Lakini njoo tukutane kwenye mlima wa Mazeras, nyuma ya trela linalopanda kwa kilomita 60 kwa saa. Ninapokanyaga pedali hapo, gari linachomoka kwa namna ambayo Leaf ya kaka yangu, ambayo ni ya 40, haijawahi kufanya. Tofauti yake ni kubwa kiasi kwamba abiria huiuliza bila kuambiwa. Mtu akiniambia ni asilimia 13 tu nitamwambia kwamba alipimia mahali pasipofaa.

Fundi wa Changamwe (6)

Nyote wawili, Dereva na Binti, mnasema kweli, na jedwali la Japani linaonyesha sababu. Tatizo la uzi huu ni kwamba tunazungumzia kilowati 110 na 160 kana kwamba mota huzitoa katika kila mwendo, ilhali kila namba ina masafa yake ya mizunguko.

Leaf ya kawaida inatoa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha (torque), wa nyutoni-mita 320 kuanzia sifuri hadi mizunguko 3,283 kwa dakika, na kilowati 110 kuanzia hapo hadi mizunguko 9,795. Hayo ni masafa mapana mno. e+ inatoa nyutoni-mita 340 kati ya mizunguko 500 na 4,000, na kilowati zake 160 zinapatikana kati ya mizunguko 4,600 na 5,800 peke yake. Baada ya 5,800 nguvu inashuka.

Sasa tugeuze mizunguko iwe mwendo. Leaf haina gia za kubadilisha. Ina uwiano mmoja wa 8.19 kwa 1. Kwa tairi za 205/55 za inchi 16, kila mizunguko 1,000 ya mota ni takriban kilomita 14.5 kwa saa. Kwa hiyo Leaf ya kawaida inafikia kilowati 110 ikiwa karibu kilomita 48 kwa saa na kuzishikilia hadi karibu 142. e+ iko kwenye kilele chake kati ya kilomita 67 na 84 kwa saa. Kipimo cha Nissan kinaanzia 80. Maana yake ni kwamba kilianza wakati kilele kinamalizika, na safari yote iliyobaki hadi 120 e+ ilikuwa ikishuka kutoka 160.

Hiyo ndiyo 136 ya Maalim.

Maalim wa Fizikia (7)

Ahsante, Fundi. Kwa namba hizo nimepiga hesabu ya sehemu mbili nyingine.

Kwanza, taa za Buxton. Chini ya kilomita 48 kwa saa kinachosukuma gari ni msokoto, na kilele cha kilowati hakijafikiwa. e+ ina msokoto zaidi kwa asilimia 6, lakini kwa mzigo ule ule niliouchukua ina uzito zaidi kwa asilimia 10. Kwa hiyo kwa kila kilo Leaf ya kawaida inasukumwa kwa nguvu zaidi kidogo, na Dereva ana haki ya kutangulia kwa urefu wa boneti.

Pili, mlima wa Mazeras. Kutoka 60 hadi 90, Leaf ya kawaida inachukua karibu sekunde 2.9 katika barabara tambarare, na e+ inachukua karibu sekunde 2.2. Hapo muda umepungua kwa takriban robo, si kwa asilimia 13. Mlima utayachelewesha magari yote mawili, lakini utaichelewesha zaidi ile yenye nguvu kidogo, kwa sababu sehemu kubwa zaidi ya nguvu yake inakwenda kwenye kupandisha uzito.

Angalieni pia kwamba tofauti ya sekunde ni ile ile: 0.7 kutoka 60 hadi 90, na 0.7 kutoka 80 hadi 120. Asilimia zinabadilika kwa sababu kipande cha pili ni kirefu zaidi.

Dereva wa Kisauni (8)

Nimekubaliwa kutangulia kwa urefu wa boneti. Naomba Binti wa Nyali aihifadhi barua ya Maalim.

Binti wa Nyali (9)

Nimeihifadhi pamoja na ukurasa wa pili unaohusu Mazeras.

Baharia wa Kilindini (10)

Nimefanya kazi na mota za umeme melini kwa muda mrefu, na ningependa kueleza kwa nini nguvu ya e+ inashuka baada ya mizunguko 5,800, kwa sababu Fundi ametuonyesha kwamba inashuka bila kutuambia chanzo.

Magari haya mawili yanatumia mota ya aina moja, EM57. Kilichobadilika ni betri na mfumo wa kuilisha mota. Betri ya 40 ina seli 192 na ya 62 ina seli 288, lakini zote zimepangwa katika makundi 96 ya mfululizo. Kwenye 40 kila kundi lina seli mbili sambamba, kwenye 62 lina seli tatu. Volti kwa hiyo ni zile zile, karibu 350. Kilichoongezeka ni uwezo wa kutoa ampea, kwa nusu zaidi. Zidisha 110 kwa moja na nusu utapata 165, karibu kabisa na 160 waliyoiandika.

Mota yenye sumaku za kudumu inapozunguka huzalisha umeme wake yenyewe unaopinga ule unaoingia, na kadiri inavyozunguka kwa kasi ndivyo upinzani huo unavyokua. Ikifika mahali volti za betri hazitoshi, inveta, yaani kifaa kinachoigeuzia mota umeme wa betri, inalazimika kutumia sehemu ya ampea kuudhoofisha uga wa sumaku badala ya kusukuma gari. Seli za ziada hazisaidii hapo kwa sababu ziliongeza ampea bila kuongeza volti. Mwendo wa chini unadai ampea, wa juu unadai volti. Nissan waliongeza kimoja tu.

Kijana wa Bamburi (11)

Kwa heshima, Baharia, maelezo yako ni mazuri lakini sidhani yanathibitika kwa jedwali peke yake. Mota ile ile kwa volti zile zile inashikilia 110 hadi mizunguko 9,795 bila kutetereka. Mashine inayokatwa na volti hutoa mchirizi (mstari wa nguvu kwenye grafu) unaoinama, na huo ni mstari ulionyooka. Mstari ulionyooka kwa urefu huo ni kazi ya programu: mhandisi ameamua kwamba haitavuka 110. Na kama aliamua kwa 40, huenda ameamua pia kwa e+, ili kulinda inveta au seli.

Mfano mzuri ni Tesla Model 3 Long Range yenye mota mbili. Mwishoni mwa 2019 Tesla walianza kuuza kwa dola 2,000 sasisho la programu lililopunguza muda wa kutoka sifuri hadi maili 60 kwa saa kutoka sekunde 4.4 hadi 3.9. Hakuna fundi aliyegusa gari wala seli iliyoongezwa. Nguvu ilikuwamo, imefungiwa. Kwa hiyo ninapoona gredi mbili za gari moja, swali langu la kwanza ni je, tofauti iko kwenye chuma au kwenye programu?

Baharia wa Kilindini (12)

Kijana, mstari wa 110 umenyooka kwa sababu 110 iko chini ya ule mchirizi unaoinama. Ukimtaka mtu abebe kidogo kuliko uwezo wake, atabeba umbali mrefu bila kuonyesha uchovu. e+ iliombwa 160, ikaugusa mpaka mapema. Sikatai kwamba programu ipo. Nakataa kwamba ndiyo inayoanza kukata kwenye mizunguko 5,800.

Kijana wa Bamburi (13)

Basi linganisha na gari ambalo gredi zake zinatofautiana kwa chuma kweli. BYD Seal ya magurudumu ya nyuma ina kilowati 230 na kilo 2,055, na inafika 100 kwa sekunde 5.9. Ya magurudumu manne ina kilowati 390 na kilo 2,185, na inafika kwa sekunde 3.8. Betri ni ile ile ya kilowati-saa 82.5. Walichofanya ni kuongeza mota ya pili mbele, ya kilowati 160, inayofanya kazi bila sumaku za kudumu. Kila moja ya mota hizo mbili ina mchirizi wake, na mbili zikijumlishwa unapata nguvu zaidi katika kila mwendo. Hata hivyo zote mbili zinazuiwa kwenye kilomita 180 kwa saa, na kizuizi hicho ni programu. Mtu akilinganisha mwendo wa mwisho pekee atadhani ni gari moja.

Fundi wa Changamwe (14)

Mfano wa Seal unatufaa kwa jambo jingine. Ile ya magurudumu manne inafaidika pia kwenye kuondoka kwa sababu nguvu inagawanywa kwa tairi nne. Juu ya 80 faida hiyo ya mshiko haipo tena, kwa kuwa hata tairi mbili zinatosha. Kwa hiyo sekunde 3.8 dhidi ya 5.9 zina ndani yake mshiko na nguvu pamoja, na asiyetenganisha atadhani kwamba pengo lile lile litabaki barabarani Taru. Vipimo vya sifuri hadi 100 vinapendwa na wauzaji, lakini aliye nyuma ya trela haanzi sifuri.

Msafiri wa Voi (15)

Mmechambua mchirizi wa kiwandani, ambao ulipimwa kwa betri mpya iliyojaa, nami nataka kuzungumzia betri ilivyo kweli ikifika Mackinnon Road.

Leaf za umbo hili hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji. Mota na inveta vinapozwa kwa maji, lakini betri inategemea hewa inayopita chini ya gari. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kilomita 150 hivi, na unapanda kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 580. Wakati wa kaskazi lami inachemka, na kama umechaji kwa haraka kabla ya kuondoka, mshale wa joto la betri unakuwa tayari umepanda. Kwangu mimi, na gari langu ni la 40, mchapuko, yaani kuongeza mwendo, wa kulipita lori nikiwa natoka Mazeras na ule wa karibu na Maungu haufanani. Nimeshauriana na wenzangu wa njia hiyo na wanasema vivyo hivyo. Joto ndilo linaloiba nguvu, na e+ yenye seli nyingi inagawanya kazi ile ile kwa seli zaidi, hivyo kila seli inapata joto kidogo. Faida ya e+ ya mwendo wa juu, kwa maoni yangu, haimo kwenye sekunde za kiwandani. Imo kwenye kuweza kurudia.

Maalim wa Fizikia (16)

Ndugu Msafiri, la mwisho nakubaliana nalo, lakini la joto lina kasoro. Seli ya lithiamu yenye joto la wastani hutoa umeme kwa urahisi zaidi kuliko iliyo baridi, kwa sababu ukinzani wake wa ndani unapungua. Joto huiba nguvu pale tu kompyuta inapoamua kwamba limevuka kiwango na kuanza kupunguza, na mshale kupanda si lazima uwe umefika huko. Kwa muda mrefu, naam, joto linaizeesha seli.

Nadhani unachokiona Maungu ni chaji kupungua. Betri ya makundi 96 ikiwa imejaa, kila kundi likiwa na volti 4.15, ina jumla ya volti 398. Kila kundi likishuka hadi 3.5, jumla ni 336. Umepoteza zaidi ya asilimia 15 ya volti kabla hata hujakanyaga pedali, na ukikanyaga zinashuka zaidi. Ukifuata hoja ya Baharia, huko ndiko mwendo wa juu unakoumia kwanza.

Msafiri wa Voi (17)

Maalim, nimewahi kuiona hali hiyo chaji ikiwa bado nzuri. Siiachi hoja ya joto.

Mama wa Likoni (18)

Hamjambo. Nimesoma yote na nimeelewa zaidi ya nilivyotarajia. Ninaulizia Leaf ya gredi ya NISMO, kwa sababu mwanangu ameniambia kwamba ndiyo ya mbio kuliko zote na amekwisha kuipenda. Je, hiyo inaingia wapi katika mchirizi wenu?

Yadi ya Magongo (19)

Shikamoo, mama. NISMO iliyouzwa Japani kuanzia 2018 ina mota ya kilowati 110 na msokoto wa 320, sawa na X. Walichobadilisha ni mwili, viti, usukani, sasipensheni, tairi za inchi 18 na namna kompyuta inavyoitikia pedali. Inahisi kama ina haraka kwa sababu inaitika mapema, lakini kutoka 80 hadi 120 haina kilowati moja ya ziada. Ninayo moja yadini na bado nakuambia hivyo.

Dereva wa Kisauni (20)

Bwana Yadi, kwa kauli hiyo umejipunguzia mteja na kujiongezea heshima. Mama, mwambie kijana kwamba kwenye taa za Buxton atanikuta.

Fundi wa Changamwe (21)

Tusizipite tairi haraka. Tairi pana, kama zile za NISMO, zina msuguano zaidi wa kubingiria. Athari yake kwenye mchapuko wa mwendo wa juu ni ndogo ukilinganisha na upepo, kwa sababu upepo unakua kwa kasi ya ajabu: mwendo ukizidishwa mara mbili, kani ya upepo inakuwa mara nne na nguvu inayohitajika kuishinda inakuwa mara nane. Kwa Leaf, ambayo mgawo wake wa upepo ni 0.28, upepo peke yake unakula karibu kilowati 4 kwa mwendo wa 80 na karibu 14 kwa mwendo wa 120. Anayeweka keria ya mizigo juu ya paa na kupakia magunia asije kulalamika hapa kwamba e+ yake haina mbio.

Mzee wa Makadara (22)

Wanangu, mazungumzo ni ya kielimu na nimeyafurahia. Lakini mmetaja 120 mara nyingi mno. Sheria inayaruhusu malori na matatu mwendo wa 80, na mengi yakiwa na mzigo hayafiki hapo kwenye mlima. Hakuna haja ya kufika 120 ili kumpita anayekwenda 60. Kipimo kinachomfaa aliyefungua uzi ni kile cha Maalim cha 60 hadi 90.

Nimewaza pia juu ya hizo sekunde 0.7. Nikiwa upande usio wangu kwa mwendo wa 100 na mwenzangu anakuja kwa 100, sisi wawili tunakaribiana kwa mita 55 na zaidi kila sekunde. Sekunde 0.7 ni mita 39. Trela moja na kichwa chake ni mita 17 hivi. Kwa hiyo tofauti ya gredi hizi mbili ni zaidi ya urefu wa matrela mawili katika nafasi inayobaki mbele yako. Mimi sizioni sekunde hizo kuwa ndogo.

Maalim wa Fizikia (23)

Hesabu ya Mzee ni sahihi kwa nafasi, ila niongeze kwamba muda wa kumaliza kulipita lori haupungui kwa sekunde 0.7 kamili. Anayefika 90 mapema anaendelea kwa 90, na mwenzake anamfuata akiwa nyuma kwa mita chache tu. Faida halisi ni ndogo kuliko mita 39, na inategemea urefu wa lori na mahali ulipoanzia. Mwenye kuanzia mbali nyuma na kuongeza mwendo kabla ya kutoka anapata faida kubwa kuliko tofauti yote ya gredi.

Mzee wa Makadara (24)

Hilo la kuanzia mbali ndilo tulilofundishwa zamani na mabasi ya dizeli, ambayo hayakuwa na mchapuko wowote wa kuzungumzia. Mkaazi wa Tudor alizingatie.

Kijana wa Bamburi (25)

Kama tatizo ni kwamba mota inaishiwa mwendo wa juu, wapo waliolitatua. Porsche waliiwekea Taycan ya 2019 gia mbili kwenye ekseli ya nyuma, ili gia ya kwanza iondoe na ya pili ishikilie nguvu mwendo wa juu. Tesla kwenye Model S Plaid ya 2021 walichukua njia nyingine. Waliweka mota tatu zenye rota (sehemu ya ndani inayozunguka) zilizofungwa kwa nyuzi za kaboni ili zizunguke kwa kasi kubwa bila kupasuka. Hyundai Ioniq 5 N ina kilowati 448, na ukibonyeza kitufe inatoa 478 kwa sekunde 10 tu, kisha inarudi. Hizo sekunde 10 zinaniambia kwamba mipaka mingi ni uamuzi wa mhandisi kuhusu joto na uhai wa vifaa, wala si ukuta wa volti.

Baharia wa Kilindini (26)

Na Porsche na Hyundai wote wawili wametumia betri za karibu volti 800 na 700. Nakuachia ujiulize kwa nini waliona haja ya kuziongeza volti.

Kijana wa Bamburi (27)

Kuchaji kwa haraka bila nyaya nene, Baharia, ndiyo sababu yao ya kwanza.

Mkaazi wa Tudor (28)

Ahsanteni sana. Nimeelewa kwamba kwa safari yangu e+ inanifaa kati ya 60 na 90 zaidi ya ilivyotangazwa, na kwamba mjini haina cha kunizidishia. Swali langu la mwisho ni hili: e+ iliyoko yadini imepoteza mstari mmoja wa afya ya betri kati ya 12. Je, hilo linaugusa mchapuko wa mwendo wa juu, au linagusa umbali tu?

Fundi wa Changamwe (29)

Mstari wa kwanza ukizimika, betri imepoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake wa kuhifadhi. Kuhifadhi ni jambo moja na kutoa kwa kasi ni jambo jingine, ingawa mara nyingi huzeeka pamoja kwa sababu ukinzani wa ndani unapanda. Usilinunue kwa kuhesabu mistari. Tafuta mwenye programu ya LeafSpy na kifaa chake cha kuchomeka kwenye tundu la uchunguzi, mwende barabara ya Dongo Kundu asubuhi, abiria asome skrini huku wewe ukikanyaga pedali mpaka mwisho. Programu inaonyesha volti za makundi yote 96. Angalia kama yanashuka kwa usawa. Likiwapo kundi moja linaloporomoka peke yake, gari zima litafuata kundi hilo, na mchapuko wa juu utaondoka kabla ya kingine chochote.

Baharia wa Kilindini (30)

Kipimo hicho hicho kinaweza kutuamulia mimi na Kijana. Binti wa Nyali, kama utakubali, pima 80 hadi 110 ukiwa na chaji ya asilimia 90, kisha ukiwa na 30, mahali pale pale, na mtu mwingine akishika saa. Pima na 40 hadi 60 kwa hali zote mbili. Ikiwa mwendo wa juu utapungua sana na wa chini usipungue, volti ndizo zinazokata. Ikiwa vyote viwili havitabadilika, ni programu.

Binti wa Nyali (31)

Nimekubali, na kaka yangu atakuja na ile ya 40 tuipime pia. Tutafanya asubuhi mapema kabla malori ya bandarini hayajaanza kutoka, na sitavuka 110.

Kijana wa Bamburi (32)

Nitasubiri kwa hamu, lakini niseme mapema ili nisionekane natafuta njia ya kutokea baadaye: chaji ikishuka, programu nayo hupunguza nguvu ili kuzilinda seli zisishuke chini ya kiwango. Kwa hiyo mwendo wa juu ukipungua kwa asilimia 30, Baharia atasema ni volti nami nitasema ni programu inayozisoma volti, na jedwali litatupa haki sote wawili. Labda upimaji ufanywe pia kwa asilimia 60, ambapo programu haina sababu ya kuogopa.

Msafiri wa Voi (33)

Na joto la betri liandikwe kila mara, tafadhali.